Mto Uliopungua Mvua Ikinyesha: Mafundisho kwa Wakatekumeni



Juma lililopita, tulipokuwa tukisoma pamoja habari za Nuhu na safina, mmoja wenu aliinua mkono akaniuliza hivi: «Mwalimu, ikiwa Mungu aliapa kwamba hataleta tena gharika, ni nani basi aletaye maji haya yanayotubomolea nyumba kila masika?» Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba nitamjibu kwa kuandika, maana jibu lake ni refu, tena ndani yake mna jambo la aibu yangu mwenyewe ambalo sijapata kulieleza mbele ya darasa. Leo nalieleza.

Ninyi nyote mwajua jinsi nchi yetu ilivyo. Upande mmoja kuna milima ya Mitumba, upande wa pili ziwa Tanganyika, na katikati kuna ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, ndipo tulipojenga. Mito yetu ni mifupi. Haina safari ya siku nyingi kama Lualaba, ambao huongezeka polepole hata mtu akaweza kuhamisha mbuzi wake na mihogo yake kwa utulivu. Mito yetu hushuka kutoka mlimani kama mtu anayeteremka ngazi kwa kukimbia. Mvua ikinyesha huko juu saa kumi, maji yaweza kuwa mlangoni pako kabla hujamaliza kula chakula cha jioni.

Basi, ilikuwa mwaka 2020, siku ya Alhamisi tarehe 16 Aprili, katika juma la Pasaka. Mwakumbuka Pasaka ile ilivyokuwa. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia duniani, na Serikali ilikuwa imekataza mikutano yote ya watu zaidi ya 20. Makanisa yalifungwa, shule zilifungwa. Wakatekumeni wangu wa mwaka ule, ambao walikuwa wamemaliza mafundisho yao yote na kungojea kubatizwa katika mkesha wa Pasaka, waliambiwa wangoje tena. Nguo nyeupe zilikuwa zimekwisha kushonwa. Mama zao walizikunja na kuziweka sandukuni. Mimi nilibaki na ufunguo wa kanisa dogo pale kilimani, na amri ya kutolifungua wala kupiga kengele.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Mchana wa Alhamisi hiyo, mlimani kungali kweusi kwa mawingu, tukaona ajabu: mto ulipungua. Maji yaliyokuwa yakivuma tangu asubuhi yakawa kijito chembamba katikati ya mawe. Watoto wakafurahi kupita kiasi. Shule haikuwepo, wazazi walikuwa wakipumzika, nao wakateremka mtoni, labda watoto ishirini au zaidi, wakiokota samaki waliobaki katika vidimbwi.

Ndipo akaja bibi mmoja mzee, mjane, anayekaa peke yake karibu na kivuko. Hakuwa Mkristo, wala hakuwa mkatekumeni. Alishuka mtoni na fimbo yake akipiga kelele, akawachapa watoto kwa fimbo ile, mmoja akampiga sana mgongoni hata akalia, akawafukuza wote wapande juu. Watu wakatoka majumbani mwao wakamkasirikia. Yeye akawaambia: «Mto unaopungua mvua ikinyesha haujapungua, umeshikwa. Mtu akishikwa kwa nguvu, siku anapoachiliwa atatokaje?» Wengine walimcheka. Wengine waliwaita watoto wao nyumbani, si kwa kumwamini, bali kwa kuogopa fimbo.

Baada ya hapo alipanda kilima mpaka nyumbani kwangu. Alinisalimu kwa heshima, akaniomba mambo mawili: nipige kengele, na nifungue kanisa, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee iliyo juu na yenye paa kubwa. Nami nikamjibu nini? Nikamwambia: «Mama, mikutano imekatazwa. Ngoja kwanza nimtafute shefu.» Shefu hakuwepo, alikuwa amekwenda mjini. Nikamwambia basi tungoje kesho.

Wapendwa wangu, nimekiri jambo hili kwa Padri, naye amenipa maondoleo. Hata hivyo naliandika hapa, kwa maana siku moja ninyi nanyi mtashika ufunguo wa kitu fulani.

Yule bibi hakungoja kesho. Alipita nyumba kwa nyumba katika mvua, kuanzia nyumba za karibu na maji, akiwaambia watu wapande. Jamaa kadha wa kadha walimsikia. Usiku nilisikia mlio ambao sikuujua, kama magari makubwa mengi yanayoshuka mlimani pamoja, na kitanda kikatikisika. Hapo nilikimbia, nikapiga kengele kwa mikono yangu miwili, nikafungua milango yote ya kanisa. Watu walikuja gizani, zaidi ya mia moja, wakiwa wamebeba watoto, kuku, vyungu, na wazee mgongoni. Maji yalichukua safu nzima ya nyumba za kivukoni. Katika kijiji chetu walikufa watu wanne. Kama si bibi yule, ningewahesabia makumi.

Usiku huohuo mjini Uvira mto Mulongwe na mito jirani yake ilifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na mitambo ya kusafisha maji ya mji ikaharibika. Tena haikuwa mara ya mwisho. Tarehe 4 Mei 2023 mito ya Kalehe, karibu na ziwa Kivu, ilivipiga vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliopatikana wamekufa walizidi 400, na wengi wengine hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, kijiji cha Kasaba huko Fizi, kando ya ziwa letu hili hili, kilichukuliwa na maji watu wakiwa wamelala, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto na wazee.

Sasa narudi kwenye swali: ni nani aletaye maji?

Angalieni kwanza jinsi jambo linavyotokea, kwa kuwa Mungu alitupa akili ili tuitumie. Mlima wenye miti ni kama sifongo: majani hupokea nguvu ya mvua, mizizi hushika udongo, maji huingia ardhini taratibu. Mlima uliokatwa miti yote, ukalimwa kutoka juu kwenda chini, hauna kitu cha kuushika. Mvua ikinyesha siku nyingi, udongo hulowa na kuwa mzito, kisha huporomoka, mara nyingine hapo hapo mtoni, ukawa kama ukuta wa kuziba. Maji hujikusanya nyuma ya ukuta huo. Huku chini sisi twaona mto umepungua, twafurahi. Lakini ukuta wa matope si ukuta wa mawe na saruji; maji yakizidi, huvunjika mara moja, na vyote hushuka pamoja, maji, matope, magogo, na mawe makubwa kama nyumba. Ndivyo alivyojua bibi yule. Hakuota ndoto, wala hakuambiwa na mizimu. Mama yake alimwonyesha alipokuwa msichana.

Mungu alimwahidia Nuhu kwamba hataiangamiza tena dunia kwa gharika, naye hajavunja ahadi yake. Hakuahidi kwamba mito haitapanda wala kwamba mlima ulionyolewa kama kichwa utasimama imara. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kutunza dunia, alifundisha kwamba kilio cha nchi na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Sisi hatuhitaji kusoma waraka mzima kuliamini hilo. Tulikisikia kilio hicho usiku ule.

Tena msikilize vizuri habari ya Nuhu yenyewe. Mungu alipomwonya, hakumwambia: «Kaa kitini, usali, nami nitakushika mkono.» Alimpa vipimo: urefu dhiraa 300, upana dhiraa 50, kwenda juu dhiraa 30, akamwambia apake lami ndani na nje. Nuhu alitoka jasho. Imani yake ilikuwa na shoka na nyundo. Mtu asemaye, «Mungu akitaka nitapona,» naye amelala kando ya mto unaovuma, huyo hasali. Shetani alimwambia Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watampokea, na Bwana alimjibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Kulala bondeni mvua ikinyesha mlimani ni kujitupa kutoka hekaluni, polepole tu.

Siku ya tatu baada ya maji, yaani Jumamosi, likatokea jambo baya kuliko mafuriko. Watu walikuwa wamechoka, wana njaa, wana maiti. Vijana wakaanza kusema: «Alijuaje? Mtu ajuaye saa ya kifo ndiye aliyekileta.» Mnalijua neno hilo, limeua mama wazee wengi katika jimbo letu. Wakamtoa bibi yule katika uwanja wa kanisa, ambako alikuwa amelala pamoja na watu aliowaokoa, wakaanza kuokota mawe. Mawe hayakuwa haba, mto ulikuwa umeleta mengi.

Nilisimama mlangoni nikiona hayo. Nilifungua kinywa, na sauti haikutoka. Aliyesema ni mama mmoja, asiyejua kusoma, mmoja wa wakatekumeni wangu wa mwaka wa kwanza. Alimshika mwanawe, akampandisha shati mgongoni mbele ya watu wote, ukaonekana mstari wa fimbo. Akasema: «Tazameni. Hii ni fimbo ya mchawi wenu. Mtoto mwenye alama hii yu hai. Atakayerusha jiwe anionyeshe kwanza yeye alimwokoa nani.» Kukawa kimya. Jiwe moja likaanguka chini, kisha la pili.

Hapo nilipata sauti yangu. Nikawaeleza habari iliyoandikwa na Mtakatifu Luka, ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Watu wa wakati ule nao walitaka kujua ni dhambi ya nani. Bwana wetu aliwajibu kwamba wale kumi na wanane hawakuwa wakosefu kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Akawaita wanaouliza watubu wao wenyewe. Angalieni, hakumtafuta mchawi wa mnara. Wakatekumeni, shikeni hili: anayemsingizia mtu uchawi anavunja amri ya nane kwa kinywa, na akiinua jiwe anavunja amri ya tano kwa mkono. Anayekwenda kwa mpiga ramli ili atajiwe jina la mkosaji, huyo amekwisha kuivunja amri ya kwanza. Hakuna mtu wa namna hiyo nitakayempeleka mbele ya Padri kuomba ubatizo, mpaka atakapokwenda kumwomba radhi yule aliyemsingizia.

Sasa nieleze jambo la pili, ambalo ni zito kwangu kuliko la kengele.

Mmoja wa wale wanne waliokufa alikuwa kijana mkatekumeni, mmoja wa wale ambao nguo zao nyeupe zilikuwa sandukuni. Alikuwa amekwisha kufika kilimani akawa salama. Akasikia kwamba mtoto wa jirani amesahauliwa ndani ya nyumba, akarudi. Mtoto alimtoa, akamkabidhi kwa wenzake waliosimama ukingoni, kisha ukingo wenyewe ukakatika chini ya miguu yake. Walimpata mbali kidogo, amebanwa na magogo, yu hai bado, kifua kimevunjika. Wenzake, wakatekumeni kama yeye, walimtoa na kumlaza. Aliwaambia: «Nataka kubatizwa.» Nao wakapiga magoti wakasali Baba Yetu na Salamu Maria, mmoja akakimbia kuniita. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa. Pembeni yao palikuwa na bakuli lenye maji ya mvua. Hakuna aliyethubutu kuligusa, kwa kuwa walidhani kwamba kubatiza ni kazi ya Padri tu, au labda ya mwalimu. Hawakukosa wao. Nilikuwa nimewafundisha sala zote, amri zote, sakramenti zote saba, nami sikuwafundisha hilo.

Kwa hiyo jifunzeni leo. Mtu aliye katika hatari ya kufa akiomba ubatizo, na Padri hayupo, mtu yeyote aweza kumbatiza: mwanamume au mwanamke, hata mtu ambaye yeye mwenyewe bado hajabatizwa, mradi anakusudia kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya. Chukua maji ya kweli, ya mvua, ya mto au ya kisima. Si pombe, si maziwa. Yamimine juu ya kichwa chake, na wakati huo huo unapomimina, umtaje jina lake na useme kwamba unambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ni hayo tu. Usiongeze kitu, usipunguze. Akipona, mpelekeni misioni ili Padri aandike jina lake katika kitabu na amkamilishie ibada zilizobaki. Wala msifanye mchezo: tendo hili si la kujaribia, wala la mtu mwenye homa kidogo anayetaka kuruka mafundisho yake. Ni kwa hatari ya kufa.

Mama wa kijana yule aliniuliza swali moja tu: «Mwanangu yuko wapi?» Nilimjibu kama Kanisa linavyofundisha, nami nakiamini nilichomwambia. Mkatekumeni anayekufa kabla ya ubatizo, akiwa ameutaka, ametubu dhambi zake na ana mapendo, tamaa yake ya ubatizo humpatia wokovu ambao hakuweza kuupokea kwa sakramenti. Tena huyu aliutoa uhai wake kwa ajili ya mtoto asiye wake. Kanisa huwahesabu wakatekumeni kama waamini katika mambo ya maziko, na Padri alipoweza kufika alimzika kwa ibada ya Kanisa. Mama yake aliifungua sanduku. Tulimzika katika nguo yake nyeupe.

Haya. Sasa mambo ya mikono na miguu, nanyi myasikilize kwa makini kama mnavyosikiliza Injili.

Mto ukipungua ghafula mvua ikinyesha mlimani, ukigeuka rangi ya udongo mzito, ukileta majani mabichi na matawi yaliyovunjika sasa hivi, au mkisikia mvumo na ardhi kutikisika, msingoje kuona. Pandeni juu, kwa upande, kuuacha mto. Msikimbie kuufuata mto kwenda chini, maana maji yana miguu kuliko ninyi. Mtu mwenye mtoto achukue mtoto. Mtu mwenye mzee jirani amchukue mzee. Mbuzi ni mali, lakini mmoja wa wale wanne alirudi kwa ajili ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda kilima peke yake.

Msivuke maji yanayokwenda kwa nguvu, hata kama mwaona ni machache. Maji yafikayo magotini tu yaweza kumwangusha mwanamume mwenye nguvu, na chini yake hamwoni shimo wala jiwe linalobingirika. Mkimwona mtu anachukuliwa, msijitupe ndani. Wengi huzama wawili badala ya mmoja. Mtupieni kamba, mnyosheeni mti mrefu, mrushieni bidoni tupu iliyofungwa vizuri, aikumbatie, imwelee. Kijana wangu hakufanya kosa alipomrudia mtoto, Mungu amtuze. Lakini kama angefungwa kamba kiunoni na wenzake wakaishika, labda angekuwa mwalimu leo.

Mtakatifu Paulo alivunjikiwa chombo karibu na kisiwa cha Malta. Someni habari hiyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Nadhani hakuna sura inayotufaa zaidi wakati wa masika. Malaika alikuwa amemwambia kwamba hakuna atakayepotea. Je, Paulo akalala? Hasha. Aliwazuia mabaharia waliotaka kutoroka na mashua, akiwaacha wengine. Aliwashurutisha watu wale chakula kabla ya kuingia majini, ili wawe na nguvu. Na walipofika kwenye fungu la mchanga, wanaojua kuogelea wakatangulia, wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya chombo. Walikuwa watu 276, na wote 276 walifika nchi kavu. Mtakatifu Luka ametuandikia hesabu yao, maana yake kuna mtu aliyewahesabu. Ndiyo sababu mimi nawahesabu ninyi kila siku hata mwanikasirikia. Usiku ule tuliweza kujua nani amekosekana kwa kuwa daftari la katekisimu lilikuwa kanisani. Lakini lilikuwa na majina ya wakatekumeni tu. Sasa tunalo daftari jingine, lenye majina ya watu wote wa kivukoni, Wakristo, Waprotestanti, Waislamu na wasio na dini, na mbele ya jina la kila mzee, kipofu, kilema na mama mjamzito limeandikwa jina la mtu atakayembeba.

Maji yakiisha, hatari haijaisha. Vyoo vimefurika, visima vimechafuka, na kipindupindu hufuata nyuma ya mafuriko kama mbwa nyuma ya mwindaji. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote kweli kweli, ndipo yapozwe na kufunikwa. Mtu akianza kuhara maji maji, msingoje: katika lita moja ya maji safi tieni vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo, mara nyingi, huku mkimpeleka kituo cha afya. Chumvi ikizidi inadhuru, basi pimeni. Mnapoingia tena nyumbani, piganeni kwanza na matope kwa mti mrefu, kwa sababu nyoka nao walitafuta mahali pakavu.

Juu ya maiti, msiogope kupita kiasi. Watu husema kwamba maiti za mafuriko huleta tauni. Si kweli kwa kawaida, isipokuwa mtu amekufa kwa ugonjwa wenyewe kama kipindupindu. Hakuna haja ya kuwatupa ndugu zenu haraka katika shimo moja bila jina. Waosheni, watambueni, andikeni majina, wazikeni kama watu. Kuzika wafu ni tendo la huruma.

Na wakija wa Msalaba Mwekundu au wa Caritas na orodha ya misaada, mtu aliyepoteza blanketi moja aseme moja. Mwaka ule, mtu mmoja ambaye nyumba yake haikuguswa hata na tone alipokea vyombo vya jikoni mara mbili. Amri ya saba haipumziki wakati wa maafa. (Alivirudisha wakati wa Kwaresima iliyofuata, kwa hiyo simtaji.)

Yule bibi mzee yu hai bado. Macho yake yamefifia, lakini kila masika watoto wa shule humpeleka kivukoni, akasikiliza mto kwa masikio. Mwaka jana aliandikishwa katika ukatekumeni. Hakai mbele pamoja na wazee, anakaa mlangoni. Asema anataka kusikia mvua. Ufunguo wa kanisa siku hizi ni miwili, na mmoja umetundikwa nyumbani kwake.

Jumamosi ijayo, baada ya mafundisho, tutaendelea kupanda miti juu ya kivuko na kuipanua njia ya kupandia kilimani, kwa sababu mahali pale penye jiwe kubwa watu wawili hawawezi kupishana, sembuse mtu aliyebeba mzee. Kila mmoja aje na jembe lake. Wasio na jembe waje na ndoo. Waambieni na jirani zenu wasiosali.